Klarineti na Ndugu Zake

Watoto wanaochunga mbuzi wana mchezo mmoja. Hukata bua la jani la mpapai, ambalo lina uwazi ndani, wakaacha ncha moja imezibwa, kisha karibu na ncha ile hupasua ufa mwembamba kwa wembe. Mtoto akiitia ncha hiyo kinywani na kupuliza, ukingo wa ufa hutetemeka, na bua hutoa mlio mzito kama wa mwana mbuzi aliyepotewa na mama yake. Mchezo huu hauna gharama, na jioni bua likinyauka hutupwa. Walakini mtoto yule, pasipo kujua, ameshika mfano wa ala moja maarufu katika muziki wa Ulaya, nayo ni klarineti.

Klarineti ni bomba la mti mweusi, na ile ipigwayo zaidi ina urefu upatao sentimeta 66. Ncha ya chini imepanuka kama kengele. Ncha ya juu ina mdomo uliochongwa mfano wa mdomo wa bata, na chini ya mdomo huo hufungwa kipande cha tete kilichokwanguliwa hata ncha yake ikawa nyembamba kama karatasi. Kipande hiki ndicho ulimi wa klarineti. Mpigaji hukaza midomo yake akapuliza, na ulimi hutetemeka, ukifungua na kufunga njia ya pumzi. Katika sauti ya chini kabisa hutetemeka mara 147 kwa sekunde moja, na katika sauti za juu zaidi ya mara elfu. Matete mazuri kwa kazi hii hukua kusini mwa Ufaransa, katika jimbo la Var, karibu na bahari. Hukatwa, huanikwa juani, huwekwa muda mrefu, ndipo huchongwa. Hata hivyo ulimi haudumu. Mpigaji hodari huwa na kikasha chenye ndimi nyingi, naye huzijua moja moja, kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake.

Inafaa hapa kutofautisha klarineti na zumari ya pwani. Zumari ina ndimi mbili zinazokabiliana, na pumzi hupenya katikati yake. Kwa hiyo zumari ni jamaa ya obo ya Kizungu. Klarineti ina ulimi mmoja tu, na upande wa pili ni mdomo wenyewe wa chombo.

Sasa liko jambo la ajabu. Mtu akitwaa filimbi ya Kizungu, ile ishikwayo kwa ubavu, akailaza mezani sawasawa na klarineti, ataona kwamba urefu wao ni karibu sawa. Lakini zikipigwa, sauti ya chini kabisa ya klarineti ni nzito kuliko ile ya filimbi, karibu kwa daraja zima la do mpaka do. Mbona bomba mbili za kimo kimoja hazitoi sauti moja? Sababu ni kwamba filimbi ina uwazi ncha zote mbili, lakini klarineti, kwa ajili ya ulimi wake, ni kama bomba lililozibwa ncha moja. Bomba lililozibwa ncha moja huimba kama bomba la wazi lenye urefu wa mara mbili. Mwanafunzi aweza kujihakikishia kwa kipande cha mwanzi: akipiga kiganja chake juu ya ncha moja, huku ncha ya pili ikiwa wazi, atasikia sauti nzito. Akiondoa kiganja upesi mara tu baada ya kupiga, sauti huwa nyembamba zaidi.

Kuna na ajabu ya pili, nayo ndiyo iliyowapa mafundi taabu ya miaka mia na zaidi. Mpigaji wa filimbi akiisha kufungua matundu yake yote, moja baada ya moja, amepanda do, re, mi, fa, so, la, ti. Akitaka do ya juu, hurudisha vidole pale pale alipoanzia na kubadili pumzi, na filimbi huruka sauti nane. Basi vidole saba vya kazi vyatosha. Lakini klarineti hairuki sauti nane. Huruka sauti kumi na mbili, yaani kutoka do ya chini mpaka so iliyo juu ya do ya pili. Kabla ya kurudisha vidole mwanzo, mpigaji lazima awe na njia ya kupata sauti kumi na moja. Naye hana vidole kumi na moja. Tena kidole gumba cha mkono wa kuume hakifanyi kazi ila kubeba chombo.

Kabla ya mwaka wa 1700 palikuwapo Ulaya ala ndogo ya namna hii iliyoitwa shalumo. Ilikuwa na ulimi mmoja wa tete na sauti nzuri ya chini, lakini ilipofika mwisho wa vidole ilikoma hapo hapo. Katika mji wa Nuremberg, nchi ya Ujerumani, alikuwako fundi mmoja, jina lake Johann Christoph Denner. Alizaliwa Leipzig mwaka wa 1655, na baba yake alikuwa fundi wa kukereza pembe na filimbi za wawindaji. Denner huyu ndiye anayetajwa kuwa mwenye kuvumbua klarineti. Habari hiyo iliandikwa na Doppelmayr, mtu wa mji ule ule, mwaka wa 1730, wakati Denner alipokuwa amekwisha kufa miaka 23. Alichokifanya ni kuongeza vifuniko viwili vya madini, kila kimoja na mkono wake wa kubonyezea, ili kuziba na kufungua matundu ambayo kidole hakiwezi kuyafikilia vema. Tundu moja, dogo sana, lilikuwa juu karibu na mdomo. Likifunguliwa kwa gumba, bomba huacha sauti zake za chini na kuruka zile sauti kumi na mbili. Sauti mpya zilikuwa kali na angavu. Kwa mbali zilifanana na tarumbeta iliyoitwa klarino, na kwa hiyo chombo kiliitwa klarineti, maana yake klarino ndogo.

Hata hivyo pengo halikuzibika lote. Kati ya sauti za chini na sauti za juu ilikosekana sauti moja. Mafundi waliokuja baadaye waliiona dawa yake mahali ambapo mtu hangetazamia. Hawakuongeza tundu katikati. Walirefusha bomba chini na kuongeza kifuniko cha tatu, wakapata sauti moja mpya chini kabisa. Sauti hiyo ikirushwa kumi na mbili huanguka hasa katika lile pengo. Ndiyo sababu mpaka leo klarineti hushuka chini kidogo kuliko ilivyokusudiwa mwanzo.

Hapo ndipo ndugu zake walipozaliwa. Klarineti ya karne ya 18 ilikuwa na vifuniko vitano au sita tu. Ilipiga vizuri do, re, mi ya bomba lake yenyewe, lakini wimbo ulipopandishwa au kushushwa nusu hatua, vidole vilichanganyikiwa na sauti nyingine zikawa mbovu. Mwalimu wa kwaya hupata taabu ndogo katika jambo hili. Akiona wimbo u juu mno, huwaambia waimbaji waanze na do ya chini kidogo, na koo la mwanadamu hutii. Bomba la mti halitii. Basi mafundi walifanya bomba za urefu mbalimbali. Ile ya C ni fupi, ya B-flati ni ndefu zaidi, na ya A huzidi ya B-flati kwa sentimeta nne au tano. Vidole vya mpigaji hufanya kazi ile ile katika zote. Yeye huona do akapiga do, bali bomba lenyewe ndilo liitoalo do hiyo mahali pa juu au pa chini. Mtunzi wa muziki alipoandika, alitaja kwanza klarineti ipi itwaliwe, na mpigaji alikwenda kazini amebeba tatu.

Walipokuwa wakizipiga hivyo kwa lazima, watu waligundua jambo ambalo halikukusudiwa. Bomba hizi hazikutofautiana kwa kimo cha sauti tu, bali hata kwa tabia. Ile ya C ilikuwa na sauti kavu na ya furaha. Ile ya B-flati ilikuwa imejaa. Ile ya A ilikuwa laini, na watunzi waliichagua kwa nyimbo za huzuni na za faragha. Ilikuwako pia ya E-flati, ndogo kuliko zote hizi, yenye sauti ya kuchoma masikio, iliyopendwa na bendi za askari kwa kuwa husikika nje. Mfaransa Berlioz, katika utungo wake mkubwa wa mwaka wa 1830, aliitumia klarineti hii ndogo kuudhihaki wimbo wa mwanamke aliyependwa, na kila asikiaye huelewa kwamba ni dhihaka.

Upande wa sauti za chini, mnamo mwaka wa 1770 mafundi wa ukoo wa Mayrhofer katika mji wa Passau walifanya ala iliyoitwa honi ya baseti. Si honi hata kidogo. Ni klarineti ndefu, nayo ilipindwa kama mundu ili vidole viweze kuyafikilia matundu. Sauti yake ni ya kiza kidogo, kama ya mtu asemaye nyuma ya pazia. Mozart aliweka mbili katika misa yake ya wafu, ambayo aliiacha haijaisha alipokufa mwaka wa 1791. Wapigaji wake hawakuwa watu wa huzuni siku zote. Mwaka wa 1832 Heinrich Baermann na mwanawe Carl walimwomba Mendelssohn awatungie kitu cha klarineti na honi ya baseti. Yeye alikaa akaandika, na wao muda ule wakampikia maandazi ya nchi yao aliyoyapenda sana. Kazi zote mbili ziliisha vizuri.

Lakini habari ya maana kuliko zote katika ukoo huu ni ya ndugu aliyepotea.

Katika mji wa Vienna walikuwako ndugu wawili, Anton na Johann Stadler, wapigaji klarineti wa Kaisari. Anton alipenda sauti za chini. Pamoja na Theodor Lotz, fundi wa ala wa mji ule, alipata klarineti iliyorefushwa hata ikashuka nusu hatua nne chini kuliko klarineti nyingine. Siku hizi huitwa klarineti ya baseti. Mozart alikuwa rafiki yake. Aliisikia ala hii akaiandikia: mwaka wa 1789 utungo wa klarineti pamoja na vinanda vinne vya nyuzi, na mwaka wa 1791 utungo wa klarineti na okestra nzima. Huu wa pili ulikuwa miongoni mwa kazi zake za mwisho. Mwezi wa Oktoba aliiandikia habari yake katika barua kwa mke wake, na tarehe 5 Desemba alikufa, umri wake miaka 35.

Mali yake ilipoandikwa, ilionekana kwamba Stadler alikuwa na deni lake la gulden 500, wala hapakuwa na rehani yoyote. Tusidhani ni fedha kidogo. Mshahara wa Mozart kwa Kaisari ulikuwa gulden 800 kwa mwaka mzima. Stadler alikuwa ametoka Vienna kwenda kupiga muziki katika nchi nyingine, na maandiko ya Mozart kwa mkono wake mwenyewe hayakuonekana tena. Mwaka wa 1800 mjane Constanze alimwandikia mchapishaji mmoja kwamba Stadler adai sanduku lake liliibiwa Ujerumani, lakini wengine wasema alilitia rehani pamoja na karatasi zilizomo. Ukweli wa jambo hili haukujulikana. Mwizi, kama alikuwako, hakurudi.

Ilipofika mwaka wa 1801 wachapishaji walitaka kuutoa utungo ule wa okestra. Lakini nani angeununua? Klarineti ya Stadler ilikuwa yake peke yake, au karibu hivyo. Kwa hiyo kila mahali wimbo uliposhuka chini ya uwezo wa klarineti ya kawaida, sauti zile zilipandishwa juu. Hebu fikiri wimbo unashuka hatua kwa hatua kama mtu ateremkaye kisimani, na alipobakiza hatua tatu kufikia maji, ghafula arushwa juu ya paa. Ndivyo ulivyopigwa kwa zaidi ya miaka mia na arobaini. Watu waliusifu sana, nao ulistahili sifa hata hivyo, ila hawakujua wamenyimwa nini. Mwandishi mmoja tu, katika gazeti la muziki la Leipzig la mwaka wa 1802, alilalamika kwamba utungo umebadilishwa, akaonyesha mahali kadhaa. Malalamiko yake yalilala kabatini.

Katika karne ya 20 wataalamu walianza kuyatazama upya yale maruko yasiyo na sababu, wakalisoma na gazeti lile la zamani, wakatambua. Mafundi wakafanya tena bomba refu kwa kukisia, kwa kuwa ile ala ya Stadler haikuonekana hata kipande. Ndipo mwaka wa 1992 Mmarekani mmoja, bibi Pamela Poulin, alipokuta katika mji wa Riga, nchi ya Latvia, karatasi za tangazo la muziki alioupiga Stadler huko mwaka wa 1794. Juu ya karatasi ilichorwa klarineti yake. Haikufanana na makisio ya mafundi. Ilikuwa imenyooka, kisha karibu na ncha ya chini ilikunjwa, na mwisho wake palikuwa na kengele ya mviringo kama kibuyu. Siku hizi ala za namna hiyo hufanywa kwa kuufuata mchoro ule, na wimbo hushuka mpaka majini.

Turudi nyuma, kwa sababu palikuwa na mtu aliyetaka ndugu hawa wote waondolewe. Huyu ni Iwan Müller, mzaliwa wa Reval, mji ambao sasa ni Tallinn. Aliona ni upuuzi mtu mmoja kubeba bomba tatu. Alifanya klarineti ya B-flati yenye vifuniko 13. Tena alibadili vifuniko vyenyewe. Vile vya zamani vilikuwa bapa na vilivujisha pumzi, bali yeye aliviwekea vijaluba vya ngozi laini vilivyojazwa sufu, vikaziba matundu barabara. Alisema kwamba chombo chake chaweza kupiga kila wimbo, kwa do yoyote, wala hapana haja ya kingine. Mwaka wa 1812 alikipeleka mbele ya wakubwa wa chuo cha muziki cha Paris ili wakihukumu.

Wakakikataa. Hawakusema kuwa ni kibaya. Walisema kwamba kikipokelewa, watunzi hawatachagua tena kati ya klarineti ya C, ya B-flati na ya A, na tabia tatu zitakuwa moja. Watu wengi wamewacheka wazee hawa kwa kukataa maendeleo, na ni kweli kwamba mbele ya vifuniko vya Müller hawakuweza kusimama. Wapigaji walivipokea, na klarineti za Ujerumani hata leo zafuata njia yake, baada ya kutengenezwa zaidi na fundi Oskar Oehler wa Berlin. Lakini hofu ya wazee haikuwa ya kijinga. Klarineti ya C, ambayo Beethoven aliiandikia, ilififia kwa muda mrefu, na sehemu zake zikapigwa kwa ile ya B-flati. Ile ya A iliponea. Kila mpigaji wa okestra aingia jukwaani leo na sanduku la klarineti mbili, ijapokuwa vifuniko vyake vyatosha kupiga kila kitu kwa moja. Katika mabishano yale, Müller alishinda kwa vidole, na wazee walishinda kwa masikio.

Chuo kile kile ndicho kilichotoa dawa kamili. Hyacinthe Klosé, mwalimu wa klarineti hapo, alishirikiana na fundi Louis-Auguste Buffet. Walitazama pete ambazo Theobald Boehm wa Munich alizitia katika filimbi: kidole kikiziba tundu, hubonyeza na pete iliyolizunguka, na pete huvuta kifuniko kilicho mbali. Hivyo kidole kimoja hufanya kazi ya viwili. Klarineti yao yenye vifuniko 17 na pete 6 ilionyeshwa Paris mwaka wa 1839, ikapewa hati ya serikali mwaka wa 1844. Ndiyo ipigwayo sasa katika sehemu kubwa ya ulimwengu.

Habari ya klarineti ya besi ni fupi zaidi, lakini haikosi fundi wake. Bomba linalotaka kuimba chini kwa daraja zima kuliko klarineti ya B-flati lazima urefu wake uwe mara mbili, na matundu yake huachana kuliko mkono wa mtu uwezavyo kutanuka. Heinrich Grenser wa Dresden, mwaka wa 1793, alilikunja bomba mara mbili. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka wa 1814, alilinyoosha. Aliweka matundu mapana mahali hasa yapasapo kuwa, bila kujali vidole, kisha akayafunika yote kwa vifuniko vyenye mikono mirefu. Alipata hati yake mwaka wa 1838. Klarineti ya besi ina shingo ya madini iliyopindwa kuelekea kinywa cha mpigaji, na kengele yake hutazama juu kama kiko. Iko na kubwa zaidi, ya besi ya chini, inayoshuka daraja jingine zima. Bomba lake likinyoshwa huzidi mita mbili, na sauti yake huhisiwa katika mbao za sakafu kabla haijasikika.

Sax huyu, mwaka wa 1846, alipata hati ya ala nyingine, saksafoni, inayojulikana sana katika muziki wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi. Ina ulimi mmoja wa tete na mdomo kama wa klarineti. Je, si ndugu wa klarineti? Wengi hujibu, la, kwa kuwa ni ya shaba. Jibu ni sahihi, lakini sababu si sahihi. Ziko klarineti za madini, zilizofanywa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1920 na 1930, nazo ni klarineti kamili. Tofauti imo tumboni. Bomba la klarineti lina upana ule ule karibu toka juu hata chini, bali la saksafoni hupanuka kama pembe ya ng'ombe. Bomba la namna hiyo huruka sauti nane, kama filimbi. Kwa hiyo saksafoni ni binamu wa klarineti, na ana vidole vyepesi kuliko yeye.

Yabaki kusema juu ya mti. Klarineti za Denner na za Stadler zilikuwa za mti wa manjano wa Ulaya, ambao hupinda ukipata unyevu wa pumzi. Vifuniko vilipozidi kuwa vingi, na kila kimoja kikataka nguzo zake za madini zilizokazwa kwa skrubu, ulihitajika mti mgumu usiopasuka wala kulegea. Mafundi waliutafuta wakaupata Afrika. Ni mpingo, ule ule ambao Wamakonde huchongea vinyago. Hukua hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Moyo wake ni mweusi na wa mafuta, na kipande chake kikitupwa majini huzama kama jiwe.

Mpingo haukuumbwa kwa ajili ya bomba. Ni mti mfupi, uliopindapinda, wenye nyufa na mafundo, na huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kukatwa. Katika gogo lililoangushwa ni sehemu ndogo tu iliyo nyofu na safi kiasi cha kuwa klarineti. Kwa muda mrefu magogo yaliondoka vijijini kwa malipo hafifu, na wenye msitu hawakujua yaendako wala yatakuwa nini. Mwaka wa 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, wilaya ya Kilwa, vilipata hati ya kimataifa kwamba msitu wao watunzwa vema. Kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji, hati hiyo ilikuwa ya kwanza katika Afrika. Wanakijiji huhesabu miti yao, huamua wenyewe mingapi ikatwe, na fedha huingia katika hazina ya kijiji. Mwaka wa 2017 mataifa yaliiweka biashara ya mpingo chini ya ulinzi wa sheria, hata wapigaji waliovuka mipaka na klarineti zao wakaulizwa karatasi. Mwaka wa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa, ila magogo hayakusamehewa.

Mche wa mpingo uliochipuka Kilwa mwaka ule wa 2009 bado haujapata unene wa kutosha kutoa hata kengele ya klarineti moja.